Kucheza na Mbwa Mpaka Mshibane: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yanaanza na ya msingi na kuishia kwenye hali za pekee. Jibu linapotegemea jingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Namlisha, namtembeza, ana pa kulala. Mchezo unaongeza nini?

Unaongeza kutazamana. Mbwa anayekula macho yake yako kwenye bakuli, na anayetembezwa pua yake iko chini kwenye harufu. Mara zote mbili wewe uko pembeni. Mkicheza, kila baada ya sekunde chache anainua macho aone unataka kufanya nini, nawe unausoma mwili wake. Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakiongozwa na Miho Nagasawa walichapisha katika jarida la Science utafiti ulioonyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa muda mrefu, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili. Ni homoni ile ile inayohusika na upendo wa mama kwa mtoto wake mchanga.

Si kila mchezo unafanya kazi hiyo, lakini. Kumrushia mpira mara hamsini huku macho yako yako kwenye simu ni mazoezi ya miguu, basi. Kichezeo kiwe kisingizio. Raha yenyewe itoke kwako. Karibu majibu yote yanayofuata yamejengwa juu ya jambo hilo.

2. Nicheze naye muda gani kwa siku?

Vipindi viwili au vitatu vya dakika 3 hadi 5 vinawatosha mbwa wengi, na vinafaa kuliko nusu saa ya mfululizo. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi minne huchoka baada ya dakika moja au mbili. Simamisha mchezo angali anautaka, ili kesho akiona mkono wako unaelekea kabatini aruke.

3. Nitajuaje kama anafurahia au ananivumilia tu?

Mwili wa mbwa anayecheza umelegea. Mgongo unapindapinda, mdomo uko wazi kidogo, mkia unatikisika pamoja na kiuno kizima, na anakujia kwa kuzunguka, si kwa kunyoosha moja kwa moja. Ishara iliyo wazi kuliko zote ni ya kulaza viwiko chini huku makalio yamebaki juu. Huitumia kuanzisha mchezo, na pia katikati ya mchezo, kabla au baada ya kitendo kinachoweza kueleweka vibaya, kwa mfano kung'ata na kutikisa. Unaweza kuiiga: chuchumaa ghafla, piga mapaja kwa viganja, kisha ruka hatua moja nyuma.

Asiyetaka hulamba pua mara kwa mara ingawa hakuna chakula, hupiga miayo, hugeuza kichwa pembeni, hubana masikio nyuma, huufyata mkia, au weupe wa jicho lake huonekana. Ukiwa na shaka, acha kila kitu, simama wima na uhesabu hadi tano. Akikurudia au akikusukumia kichezeo, endelea. Akijikung'uta kama aliyetoka majini na kuondoka, amekwisha kujibu.

4. Anaunguruma tunapovutana. Amekasirika?

Mara nyingi hapana. Mngurumo wa mchezo ni mfupi, unakatika na kurudi, na mwili unabaki laini. Mngurumo wa onyo ni mzito na mrefu, na mwili unakakamaa. Kinachopaswa kukushtua zaidi ya sauti ni kuganda: mbwa akiinamia kichezeo na kutulia kabisa, hata kwa sekunde moja, kiachie, rudi nyuma, usome swali la 17.

## Kuchagua mchezo na kichezeo

5. Kila nikileta mpira anaupuuza. Ni mvivu?

Huenda unampa mchezo usio wake. Uwindaji una hatua zake: kunusa, kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza, kunasa, kutikisa, kuraruararua. Kwa vizazi vingi watu wamezalisha mbwa wakikuza hatua moja na kupunguza nyingine. Border Collie hupenda kukazia macho, kunyemelea na kukimbiza. Labrador hupenda kunasa na kubeba. Beagle ni pua. Greyhound hukimbiza anachokiona. Mbwa wa jamii ya Terrier hupenda kutikisa na kufukua. Kama wako ni mchanganyiko, mtazame siku mbili tatu bila kumwamuru kitu. Anayechanachana maboksi, mpe boksi tupu la karatasi lenye vipande vya chakula ndani na mlichane pamoja. Anayekimbiza majani makavu yakipeperushwa, mtengenezee fimbo ya kamba.

Fimbo ya kamba ni mti wa mita moja hadi moja na nusu, kamba yenye urefu kama huo, na kitambaa kigumu mwishoni. Kikokote kitambaa ardhini kwa mizunguko mipana. Usikirushe juu, maana kuruka na kujipinda hewani ndiko kunakoharibu magoti. Dakika mbili au tatu zinatosha. Mwache anase kila jaribio la tatu au la nne, kisha mvutane kidogo, kwa sababu anayekimbiza bila kupata kitu huchanganyikiwa. Ndiyo maana taa ya leza hatuipendekezi hata kidogo: hakuna cha kunasa, na baadhi ya mbwa huishia kufukuza vivuli na miale ya mwanga ukutani kutwa nzima. Tabia hiyo ikishaingia, kuitoa ni kazi.

6. Ana kikapu kizima cha vichezeo na havigusi.

Amevizoea. Bakiza viwili au vitatu, ficha vingine, badilisha kila baada ya siku tatu au nne. Anachokipenda kuliko vyote kikae kwako na kitoke mkicheza pamoja tu.

Kikitoka, kiende mbali naye, kisimame, kitetemeke, kijifiche nyuma ya mguu wa kiti, kichomoke tena. Watu wengi hufanya kinyume: wanamsukumia mbwa kichezeo usoni, naye anarudi nyuma. Hakuna windo linalojipeleka mdomoni.

7. Vichezeo gani ni hatari?

Mpira unaoweza kupita nyuma ya magego unaweza kuziba koo, kwa hiyo chagua mkubwa asioweza kuufunika wote kwa mdomo. Mpira wa tenisi haufai kutafunwa kila siku, kwani manyoya yake yakishika mchanga husaga meno. Kijiti cha mti kikichoma ardhini na mbwa akakikimbilia mdomo wazi, kinaweza kumtoboa koo. Mifupa, pembe na mawe huvunja magego. Ukikibonyeza kitu kwa ukucha na kisibonyee hata kidogo, ni kigumu mno. Kamba inayotoa nyuzi itupe, na kichezeo chenye kidude tumboni kinacholia kikibanwa usimwachie akiwa peke yake.

## Kuvutana

8. Nikimwacha ashinde, si ataniona dhaifu?

Hapana, na hofu hii imepimwa. Nicola Rooney na John Bradshaw, watafiti wa Uingereza, walichapisha mwaka 2002 jaribio la mbwa 14 aina ya Golden Retriever waliovutana na mtu, wakiachwa washinde mara 20 na kushindwa mara 20. Kushinda hakukuwafanya wajione mabwana. Baada ya kucheza walikuwa wasikivu zaidi, wawe wameshinda au wameshindwa. Na waliokuwa wapenzi wa mchezo kuliko wenzao, wakishinda, walizidi tu kuomba mchezo.

Basi mwache ashinde nusu ya mara, halafu uangalie anafanya nini na ushindi wake. Akikurudishia kichezeo na kukigongesha kwenye goti lako, mmefika pazuri. Akikimbia nacho, nenda swali la 11.

9. Nivute vipi bila kumuumiza?

Tumia kichezeo cha sentimita 60 hadi 90 ili vidole vyako viwe mbali na meno. Kishike chini, usawa wa kifua chake, na uvute kwenda kulia na kushoto taratibu. Usivute juu na chini, wala usimnyanyue miguu ya mbele, maana uzito wote unaangukia shingo na uti wa mgongo. Mwache yeye avute, wewe zuia.

Kwa mtoto wa mbwa, vuta kwa vidole viwili na utumie kitambaa laini. Meno yake 28 ya utoto huanza kung'oka akikaribia miezi minne, na yale 42 ya ukubwani hukamilika kwenye miezi sita au saba. Madoa madogo ya damu kwenye kitambaa kipindi hicho ni ya kawaida, ila akikwepa kuuma, mpumzishe.

10. Haachii. Nimfundisheje?

1. Katikati ya kuvutana, acha kuvuta. Bana kichezeo kwenye paja lako kwa mikono miwili kisitikisike. Usiseme neno.
2. Subiri. Mara za mwanzo anaweza kung'ang'ania sekunde 20 au 30. Kichezeo kisichosogea kinamchosha.
3. Mara tu anapolegeza taya, sema "Chukua!", mrudishie, mvutane kwa shangwe.
4. Akianza kuachia ndani ya sekunde mbili mara sita au nane mfululizo, tamka "Achia" sekunde moja kabla ya kukibana kwenye paja.

Ikishindikana, sababu ni mojawapo ya hizi. Mkono wako bado unatikisika, na kwake huo ni mchezo unaoendelea. Au unarudia "achia, achia, achia" huku ukivuta, ndipo neno linapogeuka kelele tupu. Au kila akiachia unakwenda kukificha kichezeo, kwa hiyo amejifunza kwamba kuachia ni kupoteza. Mara tisa kati ya kumi, kuachia kurudishe mchezo. Usimpanue taya kwa vidole: utapata kichezeo leo, na kesho atakimbia akikuona unakuja.

## Kurusha na kuleta

11. Anaufuata mpira vizuri, kisha anakimbia nao.

Kwa sababu ukimfukuza anapata mchezo mtamu kuliko wa kwako. Chukua mipira miwili inayofanana kabisa. Rusha wa kwanza mita tano tu. Akishaudaka, mpe mgongo, kimbia upande wa pili huku ukiudundadunda wa pili. Akifika na kuudondosha wa kwanza, hata kama ni hatua tatu kutoka kwako, rusha wa pili papo hapo. Baada ya siku chache subiri aje karibu kidogo zaidi ndipo urushe. Mwanzoni chezea kwenye ujia mwembamba, au mfunge kamba ndefu ya mita 5 hadi 10 kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si shingoni, kwa kuwa akifika mwisho wake kwa kasi anaweza kuumia vibaya.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Akija na mpira mdomoni, usiunyakue. Mkune kifua sekunde tano angali ameushika. Anayejua kwamba kukufikia hakumnyang'anyi kitu ataleta mwenyewe.

12. Anaweza kukimbilia mpira saa nzima bila kuchoka. Nimwache?

Usimwache. Mbwa wa namna hii hachoki kwa sababu msisimko umefunika maumivu na uchovu, si kwa sababu viungo vyake havichoki. Kinachoumiza ni kukimbia kwa kasi, kufunga breki na kugeuka ghafla, tena na tena. Mirusho 5 hadi 10 inatosha, na ubingirishe mpira chini badala ya kuurusha juu. Kwa mbwa ambaye hajamaliza kukua, yaani chini ya takriban mwaka mmoja kwa wenye umbo dogo na hadi mwaka na nusu kwa wenye umbo kubwa, punguza zaidi, kwa sababu ncha za mifupa yake bado ni laini.

Kama mpira ukiwapo hakuoni wewe kabisa, rafiki yake ni mpira. Uweke kando kwa wiki kadhaa, mcheze la 13.

## Bila uwanja, bila vifaa

13. Nyumba ni ndogo. Tucheze nini?

"Tafuta". Kama tungeruhusiwa kupendekeza mchezo mmoja tu, ungekuwa huu: hauchoshi viungo, humtuliza mbwa badala ya kumpandisha, na mbwa wa umri wowote anauweza.

Siku ya kwanza, weka kipande cha chakula sakafuni mbele yake, sema "Tafuta", ale. Rudia mara tano. Kisha kiweke nyuma ya mguu wa meza akiona. Akizoea, mtu amshike au umtoe chumbani, ufiche vipande vitatu mahali pa wazi usawa wa pua yake. Ugumu uongezwe kidogo kidogo: chini ya taulo, ndani ya kiatu, juu ya kiti. Akikwama kwa zaidi ya nusu dakika, usimwonyeshe kwa kidole. Tembea polepole kuelekea upande ule. Atakufuata na pua itashika. Hapo ndipo mchezo wa pua unapokuwa wa watu wawili.

Baada ya wiki moja, jifiche wewe. Simama nyuma ya mlango, mwite jina mara moja, nyamaza. Akikupata, shangilia bila aibu.

14. Kukimbizana kunafaa?

Kunafaa ikiwa yeye ndiye anayekufukuza. Kimbia hatua kumi, simama, geuka, mpe chakula au kichezeo. Hapo unamfundisha kuja kwako. Ukimfukuza wewe, unamfundisha kukukwepa, na siku akitoka getini utajuta. Kwa sababu hiyo hiyo, akiiba kiatu usimkimbilie. Nenda upande mwingine ukishika kitu kizuri zaidi, mbadilishane.

15. Mieleka kwa mikono mitupu?

Kwa mbwa mkubwa mtulivu anayejua kupunguza nguvu za taya, sawa, ila kidogo. Kwa mtoto wa mbwa, hapana.

## Mambo yakienda kombo

16. Meno yananipata mikononi na kwenye nguo.

Jino likigusa ngozi, ganda papo hapo na ukunje mikono kifuani. Usipige kelele wala usimsukume, maana vyote viwili kwake ni mchezo umenoga. Hesabu hadi kumi na tano, mpe kichezeo kirefu, endelea. Ikitokea mara tatu, maliza kipindi. Mara nyingi tatizo si utundu: amechoka, au mchezo umedumu kupita kiasi. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 na zaidi kwa siku, na akikosa usingizi anang'ata kila kitu.

17. Anaganda, ananguruma kwa uzito, hataki nikaribie kichezeo.

Huyu analinda mali yake, na kumnyang'anya "ajue nani mkubwa" humthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Acha kuvutana kwa sasa. Akiwa na kitu cha thamani ndogo, pita umbali ambao hajakakamaa, mtupie kipande cha chakula kitamu, uendelee na safari yako. Siku kwa siku, kukaribia kwako kutaanza kumaanisha nyongeza. Kama ameshamuuma mtu, au kuna watoto nyumbani, usijaribu mwenyewe: muone daktari wa mifugo kwanza, kwani maumivu yaliyofichika huleta tabia hii, kisha mtaalamu wa tabia za mbwa asiyetumia adhabu.

18. Nikisimamisha mchezo anapagawa, anarukia watu.

Mchezo wako unakatika ghafla. Dakika ya mwisho punguza kasi, ongea chini, kisha sema "Imetosha" na umwage vipande kumi vya chakula kwenye nyasi au mkeka. Kunusa huku kichwa kikiwa chini kunamshusha. Tumia neno lile lile kila siku na usilitengue akiomba tena.

19. Tulimchukua akiwa mkubwa. Hajui kucheza kabisa.

Mbwa aliyekosa watu utotoni, au aliyepigwa, anaweza kukaa wiki nyingi kabla ya kuthubutu. Keti chini, mpe ubavu, usimkazie macho. Bingirisha vipande vya chakula kwenda mbali nawe ili kufuata kuwe mchezo na kukuondokea kuruhusiwe. Akishavifuata kwa furaha, funga chakula ndani ya soksi iliyokunjwa, iburute taratibu. Akiigusa kwa pua tu, ifungue umpe. Usimwinamie, usimpige piga kichwani kumpongeza. Mara ya kwanza akilaza viwiko, hata kwa nusu sekunde, usimrukie kwa shangwe. Rudi nyuma hatua moja na umwache aje.

## Hali za pekee

20. Watoto wanaweza kucheza naye?

Wanaweza, mtu mzima akiwapo, na mchezo uwe "Tafuta": mtoto anaficha, mbwa anatafuta, hakuna anayevuta wala kukimbia. Mtoto ajue pia kusimama kama mti, mikono imefumbatwa na macho chini, mbwa akizidisha.

21. Nina mbwa wawili na hucheza wao kwa wao.

Vizuri, lakini hapo wanashibana wao. Mtenge kila mmoja kwa dakika tano za peke yake, mwingine akiwa chumba kingine na kitu cha kutafuna.

22. Mbwa wangu ni mzee. Bado acheze?

Ndiyo. Acha kuruka na kugeuka ghafla, weka mkeka kwenye sakafu inayoteleza, vuta kichezeo taratibu, na umpe "Tafuta" ya usawa wa ardhi. Aliyekuwa akipenda mchezo akauacha ghafla huenda ana maumivu ya viungo au meno. Apimwe.

23. Haoni, au hasikii.

Asiyeona: mpira wenye njuga, na harufu ile ile kwenye kichezeo chake kila siku, fanicha zisihamishwe. Asiyesikia: dole gumba juu liwe "vizuri", na umwite kwa kugonga sakafu kwa mguu. Usimguse ghafla akiwa amelala.

24. Ni wakati gani asicheze?

Jua likiwa kali, hasa mbwa mwenye pua bapa. Weka nyuma ya kiganja chini kwa sekunde saba. Ukishindwa, nyayo zake zitaungua. Akihema bila kukata, mate yakiwa mazito, fizi zikiwa nyekundu sana au akipepesuka, mwagie maji, mpeperushie hewa na umkimbize kwa daktari. Baada ya mlo kamili, subiri angalau saa moja, na zaidi kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, ambao matumbo yao hujaa gesi na kujipinda kwa urahisi. Baada ya kuhasiwa, michezo ya nguvu isubiri siku 10 hadi 14, au kama daktari alivyosema.

25. Amemeza nyuzi za kamba tuliyokuwa tunavutana.

Mpigie daktari leo, asisubiri mpaka atapike. Uzi mrefu unaweza kunasa upande mmoja na kuukunja utumbo mpaka utumbo ukatoboka. Ukiuona unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute kabisa.